Kabla Gia Boksi Haijashushwa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo la Gia Katika Minivani Iliyozeeka

Minivani ya familia iliyotembea miaka mingi imebeba mzigo ambao gari dogo haliujui: watu saba, mabegi nyuma, pengine na vitu juu ya paa, milima kwa mishuko. Si ajabu gia boksi ikaanza kulalamika kabla ya injini. Ikianza tu kulalamika, hukumu hutoka haraka: "Imekufa hiyo, tafuta nyingine." Siikubali hukumu hiyo ikitolewa kabla ya vipimo. Dalili nyingi zinazofanana na gia boksi iliyokwisha huletwa na oili iliyopungua, betri dhaifu, waya ulioshika kutu, mauntingi (mpira unaoshikilia injini) iliyokatika au injini inayomisi (isiyochoma mafuta sawasawa). Yote hayo yanapimika kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kushusha gia boksi. Kinachotakiwa ni kufuata mpangilio: anza nje uende ndani, anza na kisichohitaji kufungua kitu, na usiruke hatua kwa sababu mtu fulani ana uhakika.

Ninayoeleza hapa yanahusu gia boksi za otomatiki zenye hatua za gia, zinazoendesha matairi ya mbele, maana minivani nyingi ziko hivyo. CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, nimeitengea sehemu yake.

Usalama, kwa ufupi

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi, zuia matairi yaliyobaki chini, vuta hendibreki. Unapojaribu gia gari likiwa limesimama, asiwepo mtu yeyote mbele wala nyuma yake. Kumbuka pia kwamba oili ya gia boksi ikiwa kazini hufika nyuzi joto 80 hadi 95. Ikikumwagikia mkononi inaunguza vibaya.

Hatua ya kwanza: andika dalili

Chukua daftari kabla hujashika spana. "Gia zinasumbua" haimsaidii mtu yeyote. Andika hivi: "Asubuhi injini ikiwa baridi, kutoka P kwenda R gia inachukua sekunde tatu kuingia. Gari likishapata moto, inaingia papo hapo. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inapandisha mizunguko kwa muda mfupi kisha gia inashika kwa kishindo. Nikikanyaga mafuta taratibu sana haitokei."

Maelezo hayo peke yake yanaonyesha njia. Gia kuchelewa wakati wa baridi na kupona wakati wa moto huashiria sili za mpira zilizokauka: zikipata joto zinalainika na kushika presha. Kinyume chake, yaani gia nzuri asubuhi na mbovu gari likishapata moto, ni habari nzito zaidi, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na huvuja kirahisi palipolika. Mara nyingi hapo ni pampu, sili au klachi za ndani.

Jiulize pia tatizo lilianza baada ya nini. Je, betri ilibadilishwa wiki hiyo? Oili ya gia boksi iliongezwa, na ni ya aina gani? Rejeta ilitengenezwa? Gari lilivutwa? Lilipita kwenye maji mengi? Swali hili watu hulipuuza kuliko yote, na mara nyingi ndilo lenye jibu.

Hatua ya pili: oili

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu katika gia boksi ya otomatiki oili hufanya kazi nne kwa pamoja: inalainisha, inapoza, inasukuma klachi zishike kwa presha, na ndani ya toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi) ndiyo inayohamisha nguvu ya injini. Ikipungua kidogo tu, pampu huanza kunyonya hewa. Hewa hubanwa, oili haibanwi, kwa hiyo presha inakosekana na gia zinateleza.

Soma kwanza kitabu cha gari ujue namna ya kupima. Magari mengi yenye kijiti cha kupimia oili hupimwa yakiwa tambarare, oili ikiwa moto baada ya mwendo wa dakika 15 au zaidi, injini ikiwa inaunguruma na selekta (mkono wa kuchagua gia ulio kwa dereva) ikiwa P, baada ya kuipitisha taratibu kwenye kila gia. Honda nyingi za otomatiki zenye kijiti ni tofauti: zima injini, kisha pima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Ukipima Honda kwa utaratibu wa gari jingine utapata jibu la uongo na utaongeza oili isiyohitajika.

Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Angalia pande zote mbili na uamini upande unaoonyesha chini zaidi, kwa sababu oili iliyoshika kwenye kuta za bomba huchafua upande mmoja. Usome alama ya moto kama oili ni ya moto, na ya baridi kama ni ya baridi.

Kisha dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, uiache kwa dakika kadhaa. Oili nzuri hutawanyika na kuacha doa jekundu au la kahawia hafifu linaloonekana safi. Kahawia iliyokolea bila harufu mbaya ni uzee tu. Doa jeusi ambalo katikati yake limebaki zito, lenye harufu kali ya kuungua, linaonyesha kwamba pleti za klachi zimeungua na unga wake unaelea kwenye oili. Ukiona vimetameta vya chuma, kuna beringi, pampu au meno yanayosagika. Na oili ikiwa nzito, yenye rangi ya waridi iliyofifia, basi kulanti (maji ya kupozea injini) imeingia, kwa kawaida kupitia kipozea oili kilichomo ndani ya rejeta. Hapo usiwashe gari tena. Maji na glaikoli huharibu gundi inayoshika pleti za klachi, na kila kilomita unayoongeza inapunguza nafasi ya kuiokoa. Angalizo: si oili zote za gia boksi ni nyekundu. Baadhi huwa za kijani au za manjano zikiwa mpya, kwa hiyo ijue rangi ya oili ya gari lako kabla ya kuogopa.

Magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea hayana kijiti kabisa. Hupimwa kwa nati iliyoko chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya gia boksi): gari likiwa tambarare, injini ikiunguruma, na oili ikiwa kwenye joto maalum lililotajwa na mtengenezaji, unafungua nati na kuangalia kama oili inadondoka kidogokidogo. Isipotoka, imepungua. Ikitoka kama bomba, imezidi au joto limepita kiwango. Bila skana (kifaa kinachounganishwa na kompyuta ya gari) ya kusoma joto la oili, kipimo hiki hakina maana, na kwa kuwa kinafanyika chini ya gari lenye injini inayofanya kazi, ningependa kifanyike kwenye lifti.

Oili ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja. Haichomeki kama ya injini. Tafuta kwenye sili za shafti za matairi, gasketi ya sampu, mabomba ya kipozea na pale injini inapoungana na gia boksi. Ongeza taratibu, chini ya robo lita kwa mara moja, ukipima kila mara. Kuzidisha nako ni kosa: gia zinazozunguka zitaipiga oili hadi itoe povu, na povu hubanwa kama hewa.

Sasa suala la aina ya oili, na hapa nasisitiza. Oili zote za gia boksi hazifanani. Klachi za ndani zimeundwa kwa msuguano wa oili fulani, na ukibadilisha oili unabadilisha namna klachi inavyoshika. Mfano unaojulikana sana ni gia boksi ya A604 ya Chrysler, baadaye ikaitwa 41TE, iliyoanza kuwekwa kwenye minivani za kampuni hiyo mwaka 1989. Inataka oili ya ATF+4, na wengi walioweka Dexron, oili ya aina nyingine, kwa kudhani ni sawa waliishia na gari linalotetemeka na gia zinazogonga. Kabla ya kutangaza gia boksi kama hiyo imekufa, uliza ndani yake kuna oili gani.

Hatua ya tatu: umeme

Gia boksi ya kisasa inaongozwa na kompyuta inayofungua na kufunga solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme zinazoelekeza oili. Umeme ukiwa dhaifu, kompyuta inachanganyikiwa, na gari linaonyesha dalili zilezile za uchakavu wa ndani.

Chukua mita ya umeme. Betri iliyopumzika usiku mzima isome angalau volti 12.4, na iliyojaa vizuri hufika 12.6. Injini ikiunguruma, taa kubwa na feni ya ndani zikiwa zimewashwa, katika gari lililozeeka kwa kawaida utasoma kati ya 13.5 na 14.7. Ikisoma chini ya 13, shughulika na alteneta kwanza, mambo ya gia yasubiri. Kisha pima ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri): weka waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya gia boksi, injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Ukipata zaidi ya volti 0.2 au hivi, waya wa ethi umelika au nati yake imelegea. Safisha, kaza, pima tena.

Konekta za gia boksi nazo zichomolewe na kuangaliwa, betri ikiwa imetolewa waya. Zipo sehemu ya chini inayopigwa na maji na matope. Ukikuta ukijani kwenye pini, umepata mtuhumiwa. Wakati mwingine utakuta oili imepanda ndani ya konekta kwa kufuata nyaya, na hilo pia halitakiwi.

Hatua ya nne: vitu vilivyo nje vinavyoibebesha lawama gia boksi

Kebo ya selekta. Kwenye gari lililozeeka, bushi ya plastiki inayoshika ncha ya kebo hupasuka. Unapeleka selekta kwenye D, lakini mkono ulioko juu ya gia boksi umeishia N, au katikati. Gari halitembei, au linatembea kwa kuteleza, na P haishiki. Mwambie mtu asogeze selekta injini ikiwa imezimwa, swichi ikiwa imefunguliwa na mguu ukiwa kwenye breki, wewe uangalie mkono huo kutoka juu kwa tochi. Kila hatua ya selekta inapaswa kuusogeza mkono kwa mshiko unaosikika.

Mauntingi za injini. Kishindo kikubwa unapotoka P kwenda R au D husingiziwa gia boksi kila siku. Fungua boneti, msaidizi akanyage breki kwa nguvu, abadilishe kutoka R kwenda D mara kadhaa bila kukanyaga mafuta, wewe ukiwa umesimama pembeni ya gari. Injini itajinyanyua kidogo, hilo ni la kawaida. Ikiruka na kugonga, mauntingi imekwisha.

Shafti za matairi. Hili linashangaza watu: gari la matairi ya mbele likichomoka au kuvunjika shafti moja tu, halitembei kabisa, kwa sababu difa (gia zinazogawa nguvu kwa shafti mbili) hupeleka nguvu yote upande usio na ukinzani. Gia inaingia, unasikia injini inapokea mzigo kidogo, kisha hakuna kitu. Zima injini, uangalie shafti zote mbili kwa tochi kabla ya kukata tamaa. Mlio wa tak-tak unapokata kona kali ni jointi ya shafti, si gia.

Injini yenyewe. Injini inayomisi hutikisa gari kwa namna inayofanana kabisa na gia inayogoma. Plagi, koili, au bomba la hewa lililopasuka linaweza kuifanya kompyuta ikose hesabu ya mzigo na kubadilisha gia vibaya. Taa ya injini ikimweka, yaani inawaka na kuzima mfululizo, tatizo kwa kawaida ni kumisi, na hilo litengenezwe kwanza.

Hatua ya tano: kodi (misimbo ya hitilafu) na takwimu za skana

Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996 yana tundu la OBD-II, la kuchomeka skana, chini ya dashibodi, na Ulaya magari ya petroli yalifuata 2001. Tumia skana inayoweza kuongea na kompyuta ya gia boksi, maana za bei ndogo husoma injini tu.

Andika kodi zote kabla ya kufuta chochote au kutoa waya wa betri. P0700 haikuambii tatizo. Inasema tu kwamba kompyuta ya gia boksi ina kodi yake, nenda ukaisome. P0715 ni sensa ya mzunguko wa kuingia, yaani wa shafti inayoingiza nguvu kwenye gia boksi, P0720 ya kutoka, yaani ya shafti inayoitoa. P0731 hadi P0735 zinasema uwiano wa gia ya kwanza hadi ya tano haukupatikana, yaani gia iliamriwa lakini haikushika. P0741 inahusu klachi ya ndani ya toki konveta. P0750 na jirani zake ni solenoidi. P0218 ni joto la oili lililopita kiasi.

Kodi inakuonyesha pa kutazama. Haikuambii ununue nini. P0750 inaweza kuwa solenoidi, lakini pia waya uliokatika au konekta yenye kutu. Pima ukinzani wa solenoidi: nyingi za kufungua na kufunga husoma kati ya omu 10 na 25, na zile za kudhibiti presha husoma chini zaidi, karibu omu 5. Kitabu cha ufundi cha gari lako ndicho cha mwisho.

Kilicho bora kuliko kodi ni takwimu zinazobadilika gari likitembea. Fungua mistari minne: mizunguko ya injini, mzunguko wa kuingia, mzunguko wa kutoka, na gia iliyoamriwa. Chukua gia boksi ya hatua nne ambayo gia yake ya tatu ina uwiano wa 1.00, kama zilivyo nyingi. Ikiwa kompyuta imeamuru gia ya tatu, mzunguko wa kuingia ukiwa 2,000, wa kutoka nao uwe 2,000. Ukiona kuingia 2,400 na kutoka 2,000, gia hiyo inateleza, na sasa unayo hesabu ya kumwonyesha fundi. Ukiona namba ya sensa inaanguka ghafla hadi sifuri na kurudi wakati gari linaendelea vizuri, hapo sensa au waya wake ndio mbovu.

Tazama pia joto la oili. Likikaa juu ya nyuzi 110 katika mwendo wa kawaida, kipozea kimeziba au kuna kitu kinateleza na kuzalisha joto hilo.

Hatua ya sita: jaribio la barabarani

Chagua barabara tupu, iliyonyooka. Anza kwa kukanyaga mafuta kidogo, upande gia zote, kisha rudia kwa kukanyaga nusu. Hesabu mabadiliko ya gia. Ukishafika gia ya juu na mwendo umetulia, utaona mizunguko inashuka kidogo mara moja zaidi. Hiyo si gia nyingine, ni klachi ya toki konveta inafunga.

Kama gari linatetemeka kwa haraka katika mwendo wa kati, ukikanyaga mafuta kidogo, utadhani matairi yanapita juu ya vijituta vilivyopangwa karibukaribu, fanya kipimo hiki. Shikilia mwendo, hakikisha hakuna gari nyuma yako, kisha gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za breki tu, mguu wa kulia usitikisike. Swichi ya breki inaifanya klachi ya toki konveta iachie. Mtetemo ukikoma palepale, tatizo liko kwenye toki konveta au oili yake, na mara nyingi kubadilisha oili kwa aina sahihi kunatosha. Usipokoma, rudi kwenye plagi na koili.

Mvumo ni habari nyingine. Unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama kwenye P ni wa pampu, filta iliyoziba au oili iliyopungua. Unaofuata mwendo wa gari tu, na kubadilika unapoyumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, ni beringi ya gurudumu.

Gari likibaki kwenye gia moja tu, kwa kawaida ya pili au ya tatu, likikataa kupanda, limeingia hali ya kujilinda. Zima injini, subiri kidogo, washa tena. Gia zikirudi na kupotea tena baadaye, soma kodi. Kompyuta haichukui uamuzi huo bila sababu, na sababu nyingi ni za umeme.

Kuna kipimo cha kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja gari likiwa D, ili kuona injini inafika mizunguko mingapi. Kwenye gia boksi ya zamani naomba usikifanye. Kinapandisha joto ndani ya sekunde chache, na kinaweza kumaliza klachi iliyokuwa na uhai.

Hatua ya saba: shusha sampu

Hatua hii bado si kufungua gia boksi. Mwaga oili kwenye chombo safi, fungua sampu taratibu, uangalie sumaku iliyomo. Tope laini la kijivu linalopakika kidoleni ni la kawaida kwa umri wa gari. Vipande unavyoweza kuvihesabu, au chuma chenye kona, si vya kawaida. Chembe nyeusi nyingi zilizojaa chini ya sampu ni pleti za klachi. Kata filta ufungue ndani uone imekamata nini. Baadhi ya gia boksi, zikiwemo nyingi za Honda, hazina sampu ya kufungua kwa namna hii. Kwa hizo utaangalia sumaku ya nati ya kumwagia oili.

Kama oili ilikuwa chakavu tu, bila harufu ya kuungua na bila vipande, weka mpya ya aina sahihi. Kumwaga mara moja hutoa kati ya theluthi na nusu tu, kwani nyingine imebaki kwenye toki konveta. Rudia mara mbili zaidi ukiendesha gari siku chache kati ya kila mara. Siungi mkono mashine za kusukuma oili kwa presha kwenye gia boksi iliyozeeka. Na lile neno kwamba "oili mpya iliua gia boksi" kwa kawaida ni la gia boksi iliyokuwa tayari inateleza kabla oili haijaguswa. Kama oili yako inanuka kuungua na gia zinateleza, jua mapema kwamba oili mpya haitarudisha pleti zilizokwisha.

Hatua ya nane: presha

Kipimo cha mwisho ni geji inayofungwa kwenye tundu la presha lililopo kwenye gia boksi. Hapa mtafute fundi mwenye geji na kitabu. Presha ikiwa ndogo kwenye gia zote, inashukiwa pampu, filta au valvu inayodhibiti presha. Ikiwa nzuri kotekote isipokuwa kwenye gia moja, sili za klachi ya gia hiyo zinavuja. Ikiwa nzuri kila mahali na bado gia inateleza, pleti zimekwisha, na hapo ndipo kushusha gia boksi kunakuwa na sababu.

Fundi anayependekeza kuishusha mwulize maswali matatu: kodi gani zilikuwepo, presha ilisoma ngapi, na oili iliyotoka iko wapi nikaione. Fundi mzuri hatachukia. Kama tatizo ni solenoidi au valvu bodi (bamba lenye valvu zinazogawa oili), uliza kama inafikika gia boksi ikiwa garini, maana kwenye magari mengi ya matairi ya mbele inawezekana.

Chunguza pia historia ya modeli yako. Mwaka 2004 Honda iliyaita magari yake mengi yarudi kukaguliwa, zikiwemo Odyssey za 2002 hadi 2004, kwa sababu gia ya pili ilikuwa inaweza kupata joto kupita kiasi na meno yake kuvunjika. Mwenye gari kama hilo akisikia mlio mpya wa kusaga asiendelee na safari.

Kama gari lako ni CVT

Hapa hakuna gia za kupanda. Kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mizunguko kukaa juu wakati unaongeza mwendo si ugonjwa. Tafuta mtikisiko gari linapoondoka, mvumo unaokua, na nguvu kupotea likipata moto. Weka oili ya CVT iliyotajwa na mtengenezaji, kama NS-2 au NS-3 kwa Nissan. Ukiweka oili ya kawaida ya otomatiki, mkanda utateleza na kuchimba puli, na puli iliyochimbika hairekebishiki kwa oili.

Likishindwa kutembea, na baada ya matengenezo

Usilivute gari la matairi ya mbele huku matairi hayo yakigusa barabara. Injini ikiwa imezimwa, pampu haizunguki, na gia zinazungushwa bila oili ya kutosha. Linyanyuliwe mbele, au lipande juu ya gari la kubebea.

Ukinunua gia boksi ya mtumba, linganisha namba ya utambulisho iliyoko kwenye kibati chake na ya kwako, si jina la gari tu, na uinuse oili yake kabla ya kulipa. Sisitiza kipozea na mabomba yake visafishwe au vibadilishwe kabla ya kuifunga, la sivyo uchafu wa gia boksi ya zamani utaingia kwenye hii. Ikiwa betri ilitolewa au kompyuta ilifutwa, gia zinaweza kuwa na mishtuko kwa safari chache za mwanzo wakati kompyuta inajifunza upya. Endesha taratibu, na baada ya kilomita 100 au 200 pima tena kiwango cha oili na uangalie kila sili iliyoguswa.